Kutoka tuta hadi chungu: shamba dogo na lishe ya kaya za Tabora

Kaya nyingi za vijijini mkoani Tabora huishi kwa ekari chache za matuta. Sehemu kubwa ya kinachoingia chunguni hutoka katika matuta hayo, na kinachopungua hununuliwa kwa fedha iliyotokana nayo. Kwa hesabu ya haraka, anayevuna sana angepaswa kuwa na watoto wenye afya kuliko anayevuna kidogo. Takwimu za taifa zinaikataa hesabu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambako takribani nusu ya watoto au zaidi wako katika hali hiyo. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Tabora, yenye msimu mmoja wa mvua na udongo wa kichanga usiosifiwa na mtu, haimo katika kundi hilo.

Maelezo ya kitendawili hiki yalianza kupatikana Tanzania yenyewe. Kuanzia mwaka 1983 Serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, iliendesha mpango wa lishe mkoani Iringa, huku Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ikitoa utaalamu. Watoto walipimwa uzito palepale kijijini, na wanakijiji wakajadili kwa nini wa fulani amepungua na wa jirani anakua. Majibu hayakuwa ya chakula peke yake. Yalitajwa maradhi ya kuhara na homa, na ikatajwa kazi ya akina mama, wanaotoka alfajiri kwenda shamba la mbali na kumwachia mtoto mchanga dada yake mdogo. Mwaka 1990 UNICEF ilitoa ufafanuzi wake wa chanzo cha utapiamlo, uliochota mengi kutoka Iringa, nao umekaa juu ya mafiga matatu: chakula, afya na matunzo. Kilimo hugusa yote matatu. Tatizo ni kwamba mara nyingi kinapoliimarisha figa la chakula hulitikisa lile la matunzo, na hapo ndipo mavuno mengi na mtoto dhaifu hukutana katika nyumba moja.

Unyamwezi, nchi ya jadi ambamo Tabora imo, haujapata kuwa nchi ya wakulima wanaolima kwa ajili ya tumbo lao tu, ingawa vitabu vingi vimewaeleza hivyo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa mashariki pale Tura, ikafika Unyanyembe ambako leo ni Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, mji wa wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, mnamo Novemba 1857. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu mia kadhaa, na kila mmoja alihitaji posho yake, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au shanga na nguo za kununulia. Hakuna aliyeweza kubeba chakula cha safari ya miezi. Kililimwa na kuuzwa na vijiji vya njiani. Kwa hiyo mkulima wa Unyanyembe alijua bei ya mtama muda mrefu kabla Wajerumani hawajafika na kodi yao.

Soko hilo lilikuwa na pande mbili. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, na safari zao zilifuata kalenda ya shamba: kuondoka baada ya mavuno, kurudi kabla ya mvua. Waliochelewa waliwaachia wanawake kazi ya matuta, na katika nyumba za wakubwa waliwaachia watumwa. Mwaka wa mvua nzuri, kijiji kiliuza ziada na kupata nguo, majembe na ng'ombe. Mwaka wa ukame au wa vita msafara ulishindana na watoto wa kijiji kwa kihenge kilekile. Vita vya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe, vilivyoanza 1871 na kumkuta Stanley akiwa hapohapo, vilifunga njia na kuwaondoa watu mashambani kwa misimu kadhaa. Njaa iliyofuata vita vya namna hiyo haikutokana na udongo.

Njia ya misafara ilibadilisha pia kilicholimwa. Mazao ya zamani yalikuwa mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe na maboga. Kutoka pwani yalizidi kuingia mahindi, mihogo na viazi vitamu, yote yenye asili ya Amerika, na mpunga ukapandwa na Waarabu na watu wao katika mbuga za Unyanyembe. Miembe inayoonekana leo kuzunguka Kwihara, ambako Livingstone na Stanley waliishi pamoja mwaka 1872, ni ya ukoo huohuo wa mazao yaliyokuja na misafara. Kwa jumla mabadiliko haya yaliongeza aina za chakula. Kupungua kulikuja baadaye, mahindi yalipoanza kuufukuza mtama.

Yalishinda kwa sababu zinazoeleweka. Suke la mtama liko wazi kwa kweleakwelea, na shamba la mtama linahitaji mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto, na watoto wakaenda shule. Gunzi la mahindi limejifunika lenyewe. Mahindi yana soko la uhakika, na katika miaka ya 1970 Serikali iliyanunua kwa bei moja nchi nzima, jambo lililoyafanya yalipe hata mbali na reli. Tena yanachanua haraka na kuchomwa mabichi Machi, wakati vihenge vitupu. Lakini protini ya mahindi ina upungufu wa amino asidi ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, hasa laisini na triptofani, na mtoto anayelishwa uji wa mahindi mtupu hushiba bila kupata cha kujengea mwili. Upungufu wa laisini huzibwa na kunde na maharage, vikiwa chungu kimoja nayo. Kisha kuna mashine ya kukoboa. Dona hubaki na kiini na ngozi ya punje, ambamo mna sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini B. Sembe huviacha vyote mashineni, vikageuka chakula cha kuku na nguruwe. Sembe ina heshima ya mjini, na heshima hiyo imefika hadi vijiji vya ndani kabisa.

Kinachoiokoa Tabora, kwa kiasi chake, kimo zaidi katika mboga na vikaushwa kuliko katika nafaka. Mvua zinapoanza Novemba, mlenda huota wenyewe kati ya matuta pamoja na mchicha pori, na majani ya kunde na ya maboga huchumwa wiki chache baadaye. Mboga hizi hazihesabiwi katika takwimu za mazao wala hazina ofisa wa kuzisimamia. Mlenda hupikwa kwa magadi kidogo ili uteleze, ukawekwa karanga zilizotwangwa, ukaliwa na ugali. Mafuta ya karanga yana kazi kubwa kuliko ladha: bila mafuta mwili hupokea sehemu ndogo tu ya karotini iliyomo katika majani mabichi, ile inayogeuzwa kuwa vitamini A.

Kiangazi cha Tabora ni kirefu, na kuanzia Juni hadi Oktoba matuta huwa makavu. Wanawake wa Kinyamwezi na Kisukuma walilitatua jambo hili zamani. Majani ya kunde huchemshwa kidogo, yakaanikwa, yakahifadhiwa. Hiyo ndiyo nsansa, mboga ya miezi ya ukame. Viazi vitamu hukaushwa kwa njia mbili. Vikimenywa vibichi na kukatwa vipande vyembamba, kisha kuanikwa juu ya mawe hadi vikatike kwa sauti, huitwa michembe, na hupikwa baadaye, mara nyingi kwa karanga. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa: ni vigumu, vina utamu wa ndani, na mtoto anaweza kutia mfukoni na kuvitafuna njiani kwenda shule bila kuwasha moto. Jua kali huunguza sehemu ya vitamini, na ndiyo maana wataalamu hushauri majani yaanikwe kivulini. Hata hivyo, nsansa iliyopungua ubora bado inashinda ugali na chumvi.

Karanga zina historia yake ya kuchekesha na kusikitisha. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, na ulipofutwa mwaka 1951 mradi ulikuwa umemeza takribani pauni milioni 36 bila mafuta ya maana. Wakati huohuo wanawake wa vijiji vya jirani waliendelea kuvuna karanga kwa jembe la mkono katika vipande vyao, kama walivyofanya kabla na kama wanavyofanya hadi leo. Zile za mradi zingesafirishwa kwenda Ulaya. Hizi za kando ya nyumba ndizo zilizoingia katika mlenda.

Ardhi iliyosafishwa Urambo haikuachwa. Katika miaka ya 1950 iligawiwa kwa wakulima wa tumbaku, na kutoka hapo tumbaku ya mvuke ikaenea Kaliua, Sikonge na Uyui, hadi Tabora ikawa mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Hakuna zao linaloonyesha uhusiano wa kilimo na lishe kwa uwazi zaidi, wala linalogawanya watu zaidi linapozungumzwa.

Ratiba yake ndiyo inayoeleza mengi. Vitalu huandaliwa kiangazi, karibu na maji, na kumwagiliwa kwa mkono. Miche huhamishiwa matutani mvua zinapoanza, siku zilezile ambazo mahindi na kunde hupaswa kupandwa. Januari hadi Aprili majani huchumwa kutoka chini kwenda juu kadiri yanavyoiva, yakafungwa kwenye vijiti na kuning'inizwa ndani ya bani, banda la kukaushia. Moto wa kuni huwashwa kwa nje, na joto hupita katika mabomba. Mtu hana budi kuuangalia mchana na usiku kwa karibu wiki nzima, kwani joto likizidi au kupungua majani hupoteza rangi, na rangi ndiyo bei. Baada ya hapo huja kupanga madaraja, jani kwa jani, na kufunga marobota. Mikono inayofanya kazi hiyo ni ya familia nzima. Majani mabichi yenye umande hupenyeza nikotini kwenye ngozi, na mchumaji hupata kizunguzungu na kutapika. Mjamzito hasamehewi kwa sababu ni mjamzito.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya njaa. Kihenge cha mwaka uliopita kimekwisha au kinakaribia, malaria imepanda, maji ya visima yamechafuka, na mama anayenyonyesha yuko shambani tangu jua halijachomoza. Mtoto wa miezi minane anahitaji kulishwa mara tatu kwa siku, zaidi ya ziwa la mama, kwa uji mzito uliochanganywa karanga, kunde au yai. Mama akirudi jioni atampikia mara moja, uji mwepesi wa haraka. Siku elfu moja, tangu mimba hadi mwaka wa pili wa kuzaliwa, ndizo zinazoamua urefu wa mtoto kwa kiasi kikubwa, na kila mtoto wa Tabora hupitia humo misimu miwili au mitatu ya namna hii.

Watetezi wa tumbaku wana hoja, tena si ndogo. Chama cha msingi humkopesha mkulima mbolea ambayo asingeipata kwingine, na mahindi yanayofuata katika shamba la tumbaku hunufaika na mbolea iliyobaki ardhini. Fedha ya soko hujenga nyumba ya bati, hulipa ada na hununua baiskeli ya kumpeleka mgonjwa zahanati. Lakini huja mara moja kwa mwaka, baada ya makato ya pembejeo, na kwa kawaida huingia kwa jina la baba. Lishe hununuliwa kidogokidogo, shilingi za dagaa leo na za mafuta kesho, kwa mkono wa mama. Fedha ya mkupuo na mahitaji ya kila siku haviendi pamoja kwa urahisi. Na soko likiyumba, kama lilivyoyumba mnunuzi mmoja mkubwa alipofunga shughuli zake nchini mwaka 2018, aliyeyapa majani ekari zake nzuri hana cha kula wala cha kuuza.

Uhusiano huu wa zao la biashara na lishe ulipimwa mapema nchini Kenya. Katika Nyanza Kusini, wakulima walipoingia katika kilimo cha miwa ya kiwanda, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya sera za chakula, IFPRI, walifuatilia kaya zao na kutoa ripoti mwaka 1987. Mapato ya wakulima wa miwa yalikuwa yamepanda. Ukuaji wa watoto wao wadogo haukutofautiana kwa maana na ule wa wasiolima miwa, kwa kuwa maradhi yaliendelea kuwapunguza. Kilichoonekana kusaidia chakula cha nyumbani ni sehemu ya mapato iliyokuwa mikononi mwa wanawake.

Zaidi ya shamba kuna msitu. Miombo ya Tabora ni ghala la pili: asali ya mizinga ya magome na magogo, uyoga wa mwanzo wa mvua, na matunda kama mbula, furu, ntonga, ukwaju na ubuyu. Mengi huiva nje ya msimu wa mavuno, na watoto wachungaji huyala bila mtu kuwaandalia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kimefanya kazi ya kuyaboresha matunda haya na kuyasindika. Bani la tumbaku, hata hivyo, hula kuni nyingi, na ng'ombe na mashamba mapya huingia msituni kila mwaka. Mkoa uliohesabiwa watu 2,291,623 mwaka 2012 ulikuwa na watu 3,391,679 katika sensa ya 2022. Miti ya matunda ya porini haipandwi na mtu, ikikatwa imekwenda.

Maziwa hayajagawanyika sawa. Kaskazini, Nzega na Igunga, kuna malisho na makundi makubwa ya ng'ombe, na mtoto wa mfugaji hupata mtindi au maziwa ya asubuhi. Kusini na magharibi, mbung'o wa miombo walizuia mifugo kwa muda mrefu, na huko protini ya wanyama ni dagaa, samaki wakavu na kuku. Mayai yanataabisha kidogo: kuku wako kila ua, lakini yai huatamiwa au huuzwa, kwani yai la leo ni kuku wa kesho wa kulipia dharura. Ni uamuzi wenye akili ya kiuchumi kabisa, na unamnyima mtoto chakula bora kuliko vyote vilivyomo uani.

Chakula kizuri pia hupotea ndani ya mwili mgonjwa. Utafiti wa 2022 uliikuta Tabora ikiwa na kiwango cha juu kabisa cha malaria kwa watoto chini ya miaka mitano Tanzania Bara, takribani asilimia 23. Malaria huharibu damu, minyoo huinyonya, na kuhara kwa mara kwa mara hufanya utumbo usipokee virutubishi. Bomba la maji ya Ziwa Victoria lililozinduliwa mwanzoni mwa 2021 kwa miji ya Tabora, Nzega na Igunga ni mradi wa lishe kama lilivyo mradi wa maji, ingawa halihesabiwi hivyo. Sumukuvu ni adui mwingine wa ghalani: sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa bila kukauka vizuri. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje mbovu zinazochambuliwa na kutupwa ndizo zenye sumu nyingi, na katika miezi ya njaa hakuna anayezitupa.

Kuhusu tiba, ushahidi wa karibu kabisa unatoka Singida, mkoa wa jirani. Kuanzia mwaka 2016 vijiji 20 vilishiriki jaribio lililoendeshwa na watafiti wa Tanzania na Marekani, ambamo wakulima waliwafundisha wenzao kuchanganya mazao, hasa jamii ya kunde, pamoja na ulishaji wa watoto na mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke. Hadi mwisho wa jaribio watoto walikula aina nyingi zaidi za vyakula na upungufu wa chakula katika kaya ulishuka. Urefu wa watoto haukubadilika. Matokeo hayo huwakatisha tamaa wafadhili, lakini yanaendana na kila kilichoelezwa hapo juu: shamba lilitengeneza figa lake, na la afya likabaki kama lilivyokuwa.

Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa na karotini nyingi, vinafaa Tabora kuliko mazao mengi mapya, kwa sababu kazi ya viazi inajulikana na kila nyumba. Aina za Kabode, Mataya na Kiegea ziliidhinishwa nchini mwaka 2010. Nchini Msumbiji watoto wa vijiji vilivyopewa viazi vya namna hii walipatikana na vitamini A zaidi katika damu. Ugumu wa Tabora ni mbegu. Kiazi hupandwa kwa marando, na marando hufa katika kiangazi cha miezi sita. Njia moja ni kufukia viazi vichache vizima katika mchanga mkavu ndani ya nyumba, vikakaa hadi karibu na mvua, ndipo vikapandwa kitaluni na kumwagiliwa vichipue. Njia nyingine, ya zamani, ni kutunza kitalu cha marando bondeni penye unyevu au kando ya kisima. Kwa hiyo mwenye bonde huwa na mbegu Novemba na kuwauzia wengine, na kijiji kisicho na bonde wala kisima cha kudumu hupanda Januari, marando yakishapatikana kwa jirani, wakati mikono yote imeshaitwa kwenye tumbaku.